Harusi Inapomaliza Picha

Mkanda wa Aradhana ulifika nyumbani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, ukiwa umeshapita mikononi mwa watu wengi mpaka picha inatetemeka pembeni. Shangazi hakujua Kihindi hata neno la salamu, lakini sisi watoto alitusimulia kila kitu, tena kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Ilipofika sehemu ya usiku wa mvua, Sharmila Tagore amejifunika blanketi, moto unawaka chumbani na Rajesh Khanna anauzunguka akimtazama, shangazi alinyamaza. Wimbo ule ulipigwa kwa mkupuo mmoja. Kamera haikukatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Inawafuata wawili wale polepole kuzunguka moto, na kila mzunguko nafasi kati yao inapungua.

Halafu mwanamume yule, ambaye ni rubani, anakufa kwa ajali ya ndege. Binti anajifungua, anamtoa mtoto alelewe na watu wengine, anaingia nyumba ile kama yaya wa mwanawe mwenyewe, anafungwa jela, anatoka ameshazeeka. Anatokea kijana aliyevaa sare za jeshi la anga, na kijana huyo ni Rajesh Khanna yuleyule. "Ndiye mwanawe huyo," shangazi akatuambia. Kisha, kama anayejisemea: "Lakini jamani, mbona mwenzake hakuzeeka?"

Hadithi ina jibu lake: aliyekufa ni baba, huyu ni mtoto, wamefanana sura. Hata hivyo swali la shangazi nimekaa nalo miaka mingi, na kila ninapozidi kuzijua picha hizi na watu waliozicheza naona aliuliza jambo kubwa kuliko alivyodhani. Aradhana ilitoka Novemba 1969. Sharmila alikuwa na miaka 24, Rajesh 26. Ndani ya picha moja ya karibu saa tatu, mwanamume alipewa ujana mara mbili, na mara ya pili akapewa na mpenzi mpya, Farida Jalal. Mwanamke alipewa ujana mara moja, kisha akapakwa mvi.

Vijana wa mabanda ya video wana usemi wao kwamba stelingi hafi. Kwa picha za ngumi ni kweli; za mapenzi zina sheria nyingine. Picha ya mapenzi ya Kihindi, tuliyokua nayo kuanzia sinema ya Majestic ya Vuga, Unguja, hadi vibanda umiza vya Dar es Salaam, ni safari ndefu ya kwenda kwenye harusi: baba anakataa, mali inakataa, dini au ukoo unakataa, na mwisho mkono wa binti unatiwa ndani ya mkono wa mpenzi wake. Kwa karibu nusu karne, mwigizaji wa kike aliyetuchezea safari hiyo aliikuta safari yake ya kazi ikiishia hapohapo, kwenye harusi, ile ya kweli. Mwenzake wa kiume aliendelea na picha iliyofuata.

Tuanze na Bobby, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1973. Dimple Kapadia aliichukua picha ile mzima mzima. Watu walitoka kumbini wakilitaja jina lake kabla ya jina la Rishi Kapoor. Lakini picha ilipoingia kumbini mwezi Septemba, binti huyo wa miaka 16 alikuwa tayari ni mke wa Rajesh Khanna tangu Machi, na ni mjamzito. Watazamaji walipanga foleni kumpokea staa mpya aliyekwisha kuondoka. Alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike, akigawana na Jaya Bhaduri, na baada ya hapo kimya. Aliporudi, katika Saagar ya mwaka 1985 aliyemkuta akimsubiri kwenye seti ni Rishi Kapoor huyohuyo, ambaye katika miaka hiyo 12 alikuwa amecheza Kabhi Kabhie, Amar Akbar Anthony, Karz na nyingine nyingi. Dimple akachukua Filmfare tena. Kipaji hakikuwa kimekwenda popote.

Rishi mwenyewe alimwoa Neetu Singh mwaka 1980, mmoja wa waigizaji waliopendwa sana wakati huo, na Neetu akaacha kazi kwa karibu miongo mitatu. Bhagyashree alitufanya wote tuwapende njiwa kwa Maine Pyar Kiya ya 1989; mwaka uliofuata akaolewa, na jina lake likazimika wakati la Salman Khan ndiyo kwanza linawaka. Jaya Bhaduri, baada ya kuwa Jaya Bachchan, alicheza Silsila mwaka 1981 akiwa mke anayeibiwa mume na Rekha, kisha akakaa nje kwa miaka 17.

Sasa geuza upande. Dharmendra alikuwa ameoa kabla ya kucheza picha yake ya kwanza mwaka 1960. Aamir Khan alioa mwaka 1986, miaka miwili kabla ya Qayamat Se Qayamat Tak kumfanya mpenzi wa kila msichana wa India, na ndoa ile haikutangazwa. Shah Rukh Khan alifunga ndoa na Gauri tarehe 25 Oktoba 1991. Picha yake ya kwanza, Deewana, ilitoka mwaka 1992. Kwa maneno mengine, mwanamume tunayemwita mfalme wa mapenzi hajawahi kuonekana kwenye kumbi za sinema akiwa kapera hata siku moja, na ndoa yake haijampunguzia hata tiketi moja.

Watayarishaji walizoea kusema kwamba mtazamaji hamkubali mke wa mtu acheze mpenzi. Mimi naona neno hilo lilikuwa la watu wawili waliokubaliana bila kukaa kikao. Mtayarishaji aliogopa pesa yake, na alikuwa na wasichana wapya mlangoni kila wiki. Familia ya mume iliogopa heshima yake. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye miaka ishirini na kitu, ambaye tangu akiwa mtoto alikuwa akilisha ukoo mzima kwa kazi hiyo, akaambiwa sasa apumzike.

Na wako waliopumzika kwa ridhaa yao; lazima niseme hivyo ili nisiwadhulumu. Mumtaz alianza kazi utotoni, akapitia picha nyingi za mieleka pamoja na Dara Singh ambazo mastaa wakubwa wa kiume walizitumia kama sababu ya kukataa kucheza naye, mpaka Do Raaste na Khilona zikampeleka juu. Mwaka 1974, akiwa huko juu, aliolewa na Mayur Madhvani, wa ukoo ule wa Uganda wenye kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja. Aliondoka akiwa amechoka na akiwa na haki ya kuchoka. Na Sharmila Tagore wetu wa Aradhana alikuwa ameolewa na nahodha wa timu ya kriketi ya India, Mansoor Ali Khan Pataudi, mwezi Desemba 1968, karibu mwaka mzima kabla picha ile haijatoka. Watazamaji walijua. Walizijaza kumbi vilevile, wakamfuata hadi Amar Prem, hadi Mausam iliyompa tuzo ya taifa. Kwa hiyo ile kauli kwamba mtazamaji hakubali ilikuwa imeshakanushwa mapema, kwa ushahidi wa pesa, na bado ikaendelea kutumika.

Aliyebaki kazini alisubiriwa na jambo jingine: kuzeeshwa. Nargis na Raj Kapoor walikuwa wamechezea pamoja picha kiasi cha 16, zikiwemo Barsaat na Awaara, ile ambayo wazee wa Unguja hawajaisahau mpaka leo. Mwaka 1957, akiwa na miaka 28, akacheza Mother India akiwa mama wa Sunil Dutt. Nargis alizaliwa tarehe 1 Juni 1929. Sunil Dutt alizaliwa tarehe 6 Juni, mwaka uleule. Mama na mwana walipishana siku tano, na mwaka 1958 wakaoana. Nargis aliibeba picha ile kwa nguvu ambayo sijaona mfano wake, kwa hiyo silalamikii uigizaji. Nalalamikia kanuni iliyofuata. Waheeda Rehman alikuwa mke wa Amitabh Bachchan katika Adalat ya 1976. Katika Trishul ya 1978 ni mama yake. Rakhee alikuwa mpenzi wake katika Kabhi Kabhie ya 1976, katikati ya mashairi na theluji. Katika Shakti ya 1982 naye ni mama yake. Rakhee amezaliwa 1947, Amitabh 1942. Mama alikuwa mdogo kwa mwanawe kwa miaka mitano.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikuzeeshwa, nacho ni sauti. Wasiozifuatilia picha hizi wakati mwingine hawajui kwamba nyimbo huimbwa na watu wengine studio, na mwigizaji huchezesha midomo tu mbele ya kamera. Kijana wetu Kili Paul, aliyeanza kuvuma mwaka 2021 akiwa na dada yake Neema, amevaa lubega huku midomo yake ikienda na nyimbo za Kihindi bila kukosea hata pumzi, anafanya kazi ileile ambayo mastaa wenyewe wanaifanya. Ndiyo maana ubalozi wa India Dar es Salaam ulimwita ukampongeza, na Wahindi hawakumwona mgeni.

Sauti iliyotawala kazi hiyo kwa wanawake ni ya Lata Mangeshkar. Lata alizaliwa 1929, rika moja kabisa na Nargis. Mwaka 1949 alimwimbia Nargis katika Barsaat. Akamwimbia Madhubala, akamwimbia Meena Kumari, akaimba Bobby, akaimba Silsila. Wanawake aliowaimbia wakaolewa, wakawa mama, wakawa bibi, wengine wakafa. Oktoba 1995 Dilwale Dulhania Le Jayenge ikatoka: anayefumbua kinywa ni Kajol, miaka 21, anayeimba ni Lata, miaka 66. Mwaka 2004 katika Veer-Zaara, Preity Zinta anachezesha midomo na Lata ana miaka 75. Hakuna aliyesimama kumbini akasema bibi huyu amezidi umri wa kuimba mapenzi. Tulilia. Nikiufikiria ukweli huo, hoja yote ya watayarishaji inaporomoka: sisi watazamaji tulikuwa tayari kabisa kupokea mapenzi kutoka kwa mwanamke wa miaka 75. Waliofichwa ni uso na mwili wake tu.

Wanaume nao waliumia, kwa namna yao. Rajesh Khanna, baada ya Aradhana, alipata mfululizo wa picha zilizofanikiwa ambao hakuna aliyewahi kuuona kabla yake. Kisha Zanjeer ikaja mwaka 1973 na kijana mrefu mwenye hasira, Amitabh Bachchan, na India ikabadilisha hamu yake. Rajesh hakubadilika. Aliendelea kuinamisha shingo na kufumba macho kwa namna ileile, na kumbi zikaanza kuwa na viti vitupu. Kumar Gaurav alilipuka kwa Love Story mwaka 1981, Rahul Roy kwa Aashiqui mwaka 1990. Wote wawili waliamka mastaa siku moja, na wote wawili hawakuipata tena siku kama ile. Anu Aggarwal, aliyecheza na Rahul katika Aashiqui, alipata ajali ya gari mwaka 1999 iliyomlaza bila fahamu kwa wiki nne, na maisha yake yakashika njia nyingine kabisa. Picha ya mapenzi inampa mgeni umaarufu kwa haraka kuliko picha nyingine yoyote, kwa sababu anachouza ni upya wake, na upya hauuzwi mara mbili.

Waliodumu ni waliojua kutoka. Dilip Kumar alikufa na kuumia katika picha nyingi sana za mwanzo, mpaka huzuni ikamfuata nyumbani. Madaktari wa akili wakamshauri achukue kazi nyepesi, na akaenda kuchekesha watu katika Azaad na Kohinoor. Uamuzi huo ulimpa maisha marefu kazini. Aamir aliacha kuwa mpenzi mapema akawa askari katika Sarfarosh na mwanakijiji mcheza kriketi katika Lagaan. Shah Rukh aliingia kwa mlango wa nyuma: mwaka 1993 alikuwa muuaji katika Baazigar na kichaa wa mapenzi katika Darr, kwa hiyo alipokuja kuwa Raj wa Dilwale mwaka 1995 watu walishajua kwamba ana sura zaidi ya moja.

Lakini kutoka kunahitaji mlango, na milango hii ilikuwa ya wanaume. Hakuna aliyemwandikia Madhubala picha ya askari. Na huyu alikuwa na uwezo gani! Rudi uitazame sehemu moja tu ya Mughal-e-Azam ya 1960: usiku, mwanamfalme, anayechezwa na Dilip Kumar, ameshika unyoya, anaupitisha usoni mwa kijakazi anayempenda. Hawasemi. Madhubala hafanyi kitu zaidi ya kufumba na kufumbua macho, na kila kope inaposhuka unaona mtu anayejua kwamba furaha hii atailipia. Wakati ule yeye na Dilip Kumar walikuwa wameachana kwa uchungu, kesi ya mahakamani kuhusu picha ya Naya Daur ikiwa imewagonganisha hadharani, na kwenye seti walikuwa hawasalimiani. Moyo wake ulikuwa na tundu la kuzaliwa nalo. Alifariki Februari 1969, siku chache baada ya kutimiza miaka 36. Anayesema picha hizi ni uso mzuri na nyimbo tu hajaitazama sehemu ile ya unyoya.

Mambo yameanza kubadilika, na yamebadilika kwa vitendo vya watu ninaoweza kuwataja. Kajol aliolewa mwaka 1999 na miaka miwili baadaye alikuwa anaongoza Kabhi Khushi Kabhie Gham. Mwaka 2010 alikuwa na Shah Rukh tena katika My Name Is Khan. Kareena Kapoor, wa ukoo uleule wa Raj na Rishi, ambamo mama yake Babita na shangazi yake wa kuolewa, Neetu Singh, waliacha picha, aliolewa mwaka 2012 na akaendelea. Sridevi, aliyekuwa ameondoka baada ya Judaai ya 1997, alirudi mwaka 2012 na English Vinglish, akiwa mama wa nyumbani anayedharauliwa kwa kutojua Kiingereza na anayependwa kimyakimya na Mfaransa mpishi. Picha hiyo iliandikwa na kuongozwa na mwanamke, Gauri Shinde. Sidhani ni bahati tu. Linganisha na Dil Chahta Hai ya 2001, picha nzuri kwa mengi, ambamo kijana anampenda Dimple Kapadia aliyemzidi umri: kijana anabaki, Dimple anauawa na hadithi. Mwandishi hakujua amfanyie nini mwanamke wa umri ule anayependwa.

Mwaka 2017 mwigizaji Neena Gupta aliandika kwenye Instagram kwamba yuko Mumbai, yuko kazini, na anatafuta nafasi nzuri za kuigiza. Mwaka uliofuata Badhaai Ho ikatoka, naye akiwa mwanamke mwenye watoto wakubwa anayepata mimba kwa sababu yeye na mumewe bado wanapendana, na mtaa mzima unaona aibu isipokuwa wao. Kumbi zilijaa. Katika Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani ya 2023, Shabana Azmi, mwenye miaka zaidi ya 70, anabusiana na Dharmendra, mwenye 87, na stelingi wa kike wa picha hiyo, Alia Bhatt, alikuwa ameshaolewa na alikuwa na mtoto mchanga. Miaka 30 nyuma, kila moja ya habari hizo ingetosha kuizuia picha isitengenezwe.

Sitaki kushangilia mapema. Tarehe 18 Julai 2025 Saiyaara iliingia kumbini na wageni wawili, Ahaan Panday na Aneet Padda, na ikavuka rupia bilioni 5 duniani kote. Vijana walitoka wakilia, kama wazazi wao walivyotoka kwenye Aashiqui. Nimewatazama wote wawili wakianza na kitu kilekile mkononi, na nina hamu ya kuona mwaka 2045 nani kati yao atakuwa bado anapendwa kwenye skrini.

Wiki mbili baada ya Saiyaara, tarehe 1 Agosti 2025, zikatangazwa tuzo za taifa za India. Shah Rukh Khan, baada ya miaka 33 kazini, akapata ya kwanza yake, akigawana na Vikrant Massey. Alipewa kwa Jawan ya mwaka 2023, picha ya bunduki na hasira ambamo anacheza baba na mtoto wake, kama Rajesh Khanna alivyofanya mwaka 1969. Anayecheza mke wa baba huyo, ambaye ndiye mama wa huyo mtoto, ni Deepika Padukone. Hadithi inamuua angali kijana, kwa hiyo safari hii hapakuhitajika hata rangi ya mvi. Picha ilipotoka mama alikuwa na miaka 37, na mwanawe 57.